Tawi la Tatu: Maisha ya Marcelo Mayunga, Dereva wa Mkwe

Marehemu Marcelo Mayunga alifungwa miaka miwili kwa kosa ambalo hakulifanya. Mahakamani ilisemwa kwamba gari lilimharibikia barabarani, naye hakuweka matawi nyuma yake kuwaonya wenzake, na kwa hiyo Eufrasia, binti wa mama yetu, mayu Nyanjige, akafa. Si kweli. Matawi yaliwekwa. Aliyeyaondoa ni mwenye gari, Bwana Luhaga, ambaye leo amekaa kiti cha mbele.

Mimi ni Klementina, mjane wa marehemu. Sikusoma. Maneno haya niliyasema jana jioni, na binti yetu Violeth ameyapiga taipu kama nilivyoyasema, naye ndiye anayewasomea. Padri aliniomba nipunguze. Nimepunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 katika kijiji cha Ipililo, Maswa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mayunga na Mama Shida. Nyumbani kwao walilima pamba na mtama na walifuga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa sana kusema, lakini tangu mdogo alijua kila ng'ombe kwa kwato zake. Alikuwa akilala sikio chini na kusema nani anarudi malishoni na nani bado.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, akamaliza darasa la nne, kisha baba yake akamrudisha zizini. Hayo madarasa manne aliyatumia vizuri. Alinisomea mimi gazeti kila lilipopatikana, na pale nisipoamini alinirudia mstari huohuo polepole, kidole changu amekiweka juu ya maneno, kama vile kingeweza kuhakikisha.

Mwaka 1966 alianza kazi ya utingo. Mwaka 1971 alipata leseni, na mwaka uliofuata chama cha ushirika kilimkabidhi lori, Skania ya pua ndefu, rangi ya bluu. Aliliendesha miaka ishirini na mitatu. Alibeba pamba kutoka Nkoma, Zagayu na vijiji vyote vya huku hadi kiwandani Bariadi, na marobota kutoka kiwandani hadi Dar es Salaam kwa njia ya Dodoma, safari ya siku tano wakati wa kiangazi, na wakati wa masika Mungu ndiye aliyejua. Lori hilo madereva waliliita Mkwe. Marehemu hakuruhusu mtu akae juu ya boneti wala ale chakula mbele ya taa zake, kama mwanamume wa Kisukuma asivyokula mbele ya mama mkwe wake. Madereva wa magari mengine walikuwa wakienda kula ugali wao nyuma ya tela, wanacheka, lakini walikwenda.

"Shemeji," aliniambia dereva mwenzake Josia jana hapa uani, "mimi nilikula muwa mbele yake pale Manyoni. Marcelo amelala chini ya gari. Honi ikalia, na ndani hakuna mtu."

"Waya zilikuwa zimegusana," akasema Thomasi, dereva mwingine.

"Waya zako wewe ndizo zimegusana," akajibu Josia, na watu wakacheka, ingawa tulikuwa msibani.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Juni 1974. Alitoa ng'ombe kumi na wawili, akaja kunichukua na Mkwe, amelifunga maua ya njano kwenye pua. Mungu alitujalia watoto wanne, na mmoja alitangulia. Tulipanda mwarobaini mlangoni hapa Nkoma mwaka ule alipozaliwa Violeth. Kutoka mti huo nilimkatia mume wangu matawi kila safari, mafungu matatu, nikayafunga kwa kipande cha kanga, akayachomeka nyuma ya kabini. Anayesafiri mbuga zetu anajua kwa nini. Pale upande wa Zagayu ni udongo mweusi mtupu, hata mti wa kufungia mbuzi hakuna. Gari likifa pale huna cha kuweka barabarani ila ulichokuja nacho.

Ushirika ulipolegea, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, magari yakauzwa kwa mnada. Bwana Luhaga alinunua Mkwe mwaka 1994, na marehemu akafuata gari lake. Siku zile kila mnunuzi alikimbilia vijijini kumtangulia mwenzake. Mkulima alimwangalia mnunuzi kwa gari lake: la kukohoa, anampa pamba mwingine.

Jumamosi tarehe 2 Septemba 1995 asubuhi nilikata matawi ya mafungu matatu kama kawaida. Niliyafunga kwa kanga yangu nyekundu yenye michoro ya korosho, na vipande vile vitatu vilikuwa vya mwisho, kanga ikaisha. Marehemu aliondoka na pamba. Propela shafti, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilimkatikia mbugani. Aliweka fungu la kwanza, la pili na la tatu, kila moja hatua thelathini kutoka kwa mwenzake, akatuma habari kwa basi. Bwana Luhaga akaja na pikapu yake na shafti iliyochomelewa. Walifunga, gari likawaka.

Hapo Bwana Luhaga akaanza kuokota matawi.

"Bosi, yaache kwanza," marehemu alimwambia. "Hatujajua kama itashika."

"Unataka watu waseme gari langu bovu? Wanaoanza kupita hapa ni wanunuzi wenzangu."

Akatupa mawili kwenye pikapu, la tatu marehemu hakuona lilikokwenda, akaondoka. Mkwe alitembea kidogo tu, shafti ikakatika tena. Marehemu alishuka akimpungia mikono, lakini pikapu ilikwishafichwa na vumbi lake yenyewe. Alivua shati, akaanza kurudi nyuma ya gari ili asimame barabarani alipunge. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. Basi likapita kwa kasi, vumbi likafunika njia yote, na ndani ya vumbi hilo ikaja Landrova iliyobeba watu waliotoka mnadani. Eufrasia alikuwa amekaa mbele. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Bwana Luhaga aliapa kwamba hakuona tawi lolote. Walikuwa wawili tu pale, na neno lake lilikuwa la mwenye gari. Mimi nilikwenda nyumbani kwake Bariadi nikijifanya natafuta maji ya kunywa, nikakuta kwenye banda la mbuzi mafungu mawili ya mwarobaini, majani yameliwa, kanga yangu bado imefungwa. La tatu sikuliona. Nilivipeleka vile vipande viwili kwa askari.

"Mama, matawi ni matawi," alisema. "Na kila mwanamke ana kanga."

Hakunirudishia. Marehemu alifungwa Novemba 1995, akatoka Novemba 1997. Katika muda huo mwarobaini wetu ulikauka kuanzia juu hadi chini, nikaukata, nikapikia.

Sasa nitasema jambo ambalo madereva wanalijua na hawapendi kulisema mbele ya padri. Josia alipewa Mkwe baada ya marehemu. Kiangazi cha 1996, saa saba mchana, alikuta matawi barabarani pale pale mbugani. Mwarobaini mbichi, umefungwa kwa kitambaa chekundu. Alipunguza mwendo, akapita fungu la pili, akaangalia mbele. Barabara ilikuwa tupu hadi jicho lilipofika. Hakuna gari, hakuna mtu, hakuna ng'ombe. Akashuka kuyasogeza, na aliposhuka Mkwe akazima. Alipogusa sehemu iliyokatwa, utomvu ulimshika vidole. "Kama imekatwa sasa hivi, shemeji. Na mti wa karibu uko wapi?" Aliacha kazi kabla ya pamba kuisha.

Thomasi alimfuata. Naye aliyakuta, mara tatu kwa miaka miwili, na mara zote mchana. Anasema kabla ya kuyaona, kabini hujaa harufu ya mwarobaini uliosagwa. Madereva wa mabasi wameyaona. Wengine walisema ni mimi nayaweka, na kuna nyumba hapa Nkoma ambazo tangu siku hizo hazinipi moto wala chumvi. Wenyewe mnajijua. Sikuyaweka. Marehemu naye alikuwa gerezani, na alipotoka hakuweza kutembea hadi kisimani.

Kila dereva nilimwuliza swali moja.

"Ulikuta mafungu mangapi?"

"Mawili, shemeji."

"Si matatu?"

"Mawili."

Bwana Luhaga ndiye pekee ambaye hakuyakuta, kwa sababu tangu mwaka 1995 hakupita njia ile. Kutoka Bariadi kuja huku alizunguka, hata kwenye matope.

Marehemu alitoka gerezani na miguu imevimba. Waganga walisema ni figo. Hakushika usukani tena. Tarehe 2 Septemba mwaka jana alipelekwa kwa baiskeli hadi lango la mayu Nyanjige, akavua kofia, akasalimia Kisukuma, "Mwadila, mayu." Mayu hakuitikia. Simlaumu. Aliamini alichoambiwa na mahakama, na mtoto alikuwa mmoja. Mwaka huu marehemu alikwenda kwa mara ya mwisho, akakaa chini kwa sababu kusimama alishindwa, akasalimia akiwa amekaa. Akarudi. Tarehe 20 alilazwa hospitali ya Bariadi. Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 1999, saa tatu asubuhi, aliniambia, "Klementina, mayu hajaitikia." Kisha akafariki. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Bwana Luhaga alitoa Mkwe libebe mwili jana, na watu walimsifu. Kwa heshima hiyo alipewa nafasi kabini, kati yangu na Thomasi aliyeendesha. Tulipotoka mjini akasema, "Tuzunguke." Yakobo, mdogo wake marehemu, alikuwa juu na jeneza, akainama dirishani. "Kaka anarudi kwake kwa njia yake," alisema. "Hazungushwi."

Saa sita mchana harufu ikaingia kabini. Thomasi aliniangalia, akaondoa mguu kwenye mafuta. Fungu la kwanza lilikuwa katikati ya barabara, na la pili mbele yake. Mkwe alisimama na kuzima mwenyewe. Watu juu walisimama kutazama. Upepo haukuwepo, lakini majani yalikuwa yanatikisika.

Thomasi hakushuka. Bwana Luhaga akanipita magotini, akashuka yeye. Aliokota la kwanza, akaokota la pili. Halafu hakurudi. Aliacha barabara, akahesabu hatua kwenye nyasi kavu, moja kwa moja bila kuangaza macho, akainama kwenye ufa wa udongo mweusi, akatoa la tatu. Kutoka barabarani halikuonekana. Josia hakulijua, Thomasi hakulijua, mimi nimelitafuta miaka minne. Lilikuwa bichi.

"Bosi," Thomasi alisema kwa sauti ndogo, "umejuaje kwamba kuna la tatu?"

"Endesha."

Bwana Luhaga alifungua kitambaa cha la tatu, akakitia mfuko wa shati. Thomasi alijaribu mara moja tu, Mkwe likawaka.

Watu kumi na wanane waliokuwa juu ya lori hilo waliona. Wako hapa.

Marehemu ameacha mjane, Klementina, watoto watatu, Violeth, Januarius na Veronica, wajukuu wawili, mdogo wake Yakobo na dada zake wawili kule Ipililo, na madereva wote waliomjua, ambao leo wameegesha magari yao kutoka hapa hadi sokoni, kila moja na tawi nyuma yake.

Mayu Nyanjige, najua umekuja. Umekaa peke yako karibu na zizi na hujasalimia mtu. Sikuombi umsamehe mume wangu, kwa maana hakukukosea. Bwana Luhaga ndiye mwenye deni kwako, na deni lake ni sentensi moja, ya kusemwa akiwa amesimama, kofia mkononi: kwamba yeye ndiye aliyeokota matawi. Kitambaa cha kanga yangu kiko mfuko wa kushoto wa shati alilovaa, ni lile la jana, hakulala kwake. Akishasema, wewe utaamua kama ile salamu ya lango lako utaiitikia, na kama utatupa udongo.

Wachimbaji nimewaomba waweke majembe chini. Jeneza limekwishashuka, nasi hatuna haraka. Bwana Luhaga, tunakusubiri. Ukimaliza, Marcelo apumzike kwa amani.