Bongo ya Mutahi

Benchi yetu ya Gatitu iko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na Jumamosi watu wa benchi hii walinitia aibu. Mutahi, askari wa ile hifadhi ndogo huko juu msituni, alituombea ruhusa tuingie bure tuone bongo, yule swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Wamebaki wachache sana. Sharti lilikuwa moja tu: kimya. Tulipofika kwa ua wa waya, Mutahi akamwona mama na ndama wake, akanong'ona, "Bongo! Bongo!" Njiru, tunayemwita Waziri kwa vile hakuna kitu hajui, akadhani anaombwa muziki wa Bongo. Akafungulia simu sauti yote! Mama akaruka, ndama akajigonga kwa waya, akavunjika mguu. Sasa ofisi inasema Mutahi ndiye aliingia na redio. Asipopeleka barua ya shahidi mmoja kabla ya saa nane leo, arudishe yunifomu. Saa sita na nusu ameketi hapa, kofia kwa magoti, na hawa watu wanabishana.

— Huyo mnyama alishtuliwa na sweta ya Daktari, Waziri akasema. Nyekundu hivyo! Alifikiri ni bongo ingine.

Daktari ni Kagendo, anatuuzia kahawa na kutibu kila ugonjwa kwa mdomo.

— Sweta yangu? Ngai! Kwani si ni wewe uliweka ngoma?

— Niliweka kidogo.

— Kidogo! Mpaka leo sikio yangu inalia.

— Basi kosa ni ya Mutahi. Si angesema ndongoro, vile wazee wetu wanaitanga? Mtu akiniambia bongo, mimi nitajuaje ni mnyama?

— Tulikuwa tumeenda kuona nini, Waziri? nikamuuliza. Andika hiyo barua. Mistari mitatu tu!

— Pole pole, fundi. Kwanza uchunguzi. Hizo bongo zingine si zililetwa kutoka ng'ambo? Hiyo haijazoea muziki ya huku. Ningeiwekea ya kizungu ingetulia.

— Mimi hata siamini ilikuwa bongo, Daktari akasema huku akimimina kahawa. Niliona mbuzi. Imepakwa chokaa ndio wageni walete msaada.

— Mbuzi saizi ya ng'ombe? nikauliza.

— Kuna dawa siku hizi. Unaweka kwa maji, mbuzi inafura.

— Sasa umesema! Waziri akapiga goti. Na ndio maana wanatuambia tunyamaze. Ukipiga kelele, inasahau, inalia kama mbuzi, siri inatoka!

Ati siri! Nilitamani kumrushia nyundo.

— Jamani, Mutahi akasema. Ni saa saba. Kutoka hapa mpaka kwa geti ni dakika arobaini. Mtu mmoja tu.

— Si ndio tunakusaidia, ndugu yangu? Waziri akasema. Tunatafuta ukweli.

Hapo nilichemka. Niliwaambia hawana haya hata kidogo, kwamba huyu mtu ana watoto watatu shuleni, na wao kazi yao ni kupiga domo na kumaliza kahawa. Nilisema mengi. Mpaka wapita njia walisimama.

Kwa kiti cha wateja alikuwa mama mmoja, Rehana, amehamia hapa mwezi huu. Alikuwa amevaa kiatu kimoja, akingoja nimalize kingine. Alinisikiza mpaka nikaishiwa na pumzi.

— Samahani, fundi, akasema. Na wewe siku hiyo ulikuwa huko?

— Nilikuwa. Niliona kila kitu kwa macho yangu!

— Sasa mbona hujaandika?

Daktari akaanza kupangusa vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Waziri akaangalia barabara. Niliweka nyundo chini. Rehana alitoa kalamu kwa mkoba, akaiweka juu ya kiatu chake mbele yangu.

Mutahi alikuwa amesimama, amevaa kofia, ananiangalia mimi.