Historia ya Bi Ndoo, Mlishaji wa Chui

Marehemu mama yetu, ambaye wengi hapa mlimjua kwa jina la Bi Ndoo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma hadi darasa la saba, akaacha shule mwaka 1972 baba yake alipopooza, na hakuwahi kulilalamikia hilo.

Tarehe 2 Februari 1979 aliajiriwa bustani ya wanyama kama mfagiaji, miaka mitatu baadaye akawa mlishaji, na hapo ndipo alipokutana na baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuja kutengeneza milango ya vizimba, wakaoana tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1986 na mdogo wangu mwaka 1989.

Mwaka 1994 aliletwa chui jike, akawekwa kwa muda, ndivyo ilivyosemwa, katika kizimba cha mita tano kwa tatu chenye sakafu ya saruji, na huo muda ukawa miaka tisa, chui akizunguka palepale mpaka nyayo zikachubuka, akitafuna vyuma mpaka meno yakakatika, mama akimwandikia mkurugenzi wa bustani barua kumi na tisa za kuomba kizimba kikubwa zaidi, naye akamjibu mara moja tu, mbele ya wenzake, akicheka: "Bi Ndoo, chui hajui mita."

Chui alikufa tarehe 9 Juni 2003, kichwa kikiwa mapajani mwa mama. Siku mbili baadaye mkurugenzi aliingia mle kizimbani kukagua, kwa kuwa chui mwingine alikuwa njiani, na mama akafunga mlango, akatia kufuli, akaficha ufunguo kifuani, akapindua ndoo yake na kuikalia tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, watazamaji wakipita na kupiga picha, na bwana yule alipolia kwamba sasa zimetimia saa sita, mama alimwambia taratibu, "Kumbe saa unazijua," kisha akamfungulia.

Alifukuzwa kazi, akafungwa miezi minane, lakini zile picha zilitoka magazetini, wakaguzi wakaja, kizimba kikavunjwa, chui wa pili hakuletwa, na dada yake alipombembeleza aombe radhi, alisema anajutia jambo moja tu, kwamba hakumwacha mkurugenzi alale humo kizimbani.

Mwaka 2017 alianza kuugua mapafu, akalazwa mara nne, na mwezi uliopita mkurugenzi alipofika wodini kutaka wapatane, mama aligeukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2021, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliomfulia na kumpikia, na walishaji wenzake waliobeba jeneza leo. Shada la maua lililoletwa asubuhi na dereva wa mkurugenzi tumelirudisha na dereva huyohuyo.

Pumzika, mama. Hukumsamehe, na sisi hatutamsamehe kwa niaba yako.