Klara Ngassa, Aliyezikuza Herufi Zake

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, tunayemsindikiza leo ni Klara Ngassa, Mama Donatus, aliyezaliwa Didia, Shinyanga Vijijini, tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari Tabora, na mwaka 1986 akahitimu shahada ya takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alikutana na Gregory, wakafunga ndoa Shinyanga mjini tarehe 21 Novemba 1987, na Mungu akawajalia Donatus na Agnetha.

Mwaka 1995 aliajiriwa Geita, katika ofisi ya watafiti wa dhahabu, kutunza matokeo ya sampuli za miamba, na kompyuta zilipounganishwa, matokeo hayo yakawa yanasomwa katika kurasa za tovuti ya ndani. Kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho. Kufikia Februari 1998 hakuweza kuzisoma kurasa hizo, kwa kuwa waliozitengeneza walikuwa wameandika ukubwa na rangi ya herufi ndani ya kila kichwa cha habari na kila aya, hivyo hakuweza kuzikuza, na mkuu wa ofisi akamwambia kwa upole, "Mama Donatus, nenda ukapumzike nyumbani." Klara akamjibu, "Yaliyochoka ni macho, bosi, mimi bado."

Aliomba mwezi mmoja. Akafuta maagizo yote ya rangi na ukubwa yaliyotapakaa kurasani, akabakiza maneno na majina ya sehemu zake, hiki kichwa, hii aya, hili jedwali, na sura yote akaiandika katika faili moja la mitindo, ambalo kila ukurasa ungelifuata. Kwa pupa alifuta kabla ya kuliweka faili lenyewe, asubuhi watu wakakuta kurasa hazina rangi wala mpangilio, na Herman wa stoo akapaza sauti, "Jamani, Mama Donatus kaivua ofisi nguo!" Lakini hakuna namba iliyopotea, na jioni ile kurasa zote zilivaa upya kwa mara moja. Kwenye kompyuta yake akaongeza faili lake binafsi, akalipa nguvu ya kulishinda lile la ofisi, herufi nene kama punje za mahindi, njano juu ya weusi, huku wengine wakiendelea kuona zao ndogo katika kurasa zile zile. Mkuu wa ofisi alisimama nyuma yake, akamsikiliza akisoma jedwali zima kwa sauti, na habari ya kupumzika haikutajwa tena. Herman naye akaja kumnong'oneza, "Mama, niwekee na mimi hizo za wazee, ila usinitangaze." Aliwekewa.

Mei 1999 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Mwanza huku akirudi kazini kila alipopata nafuu, hadi alipofariki dunia hospitalini alfajiri ya Jumapili, tarehe 19 Septemba 1999.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompikia uji usio na sukari na kumvumilia alipoulalamikia, na wenzake wa kazini, ambao hadi siku anafariki hawakumruhusu mtu mwingine kukalia kiti chake. Pumzika sasa, Klara, kwa amani, kazi uliyoipigania umeimaliza.