Chapati ya Kwanza ya Mama Karai

Baba paroko, ndugu waombolezaji, majirani na ninyi mliosafiri, familia imenipa mimi, mpwa wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na kabla hamjaanza kunong'onezana kwamba huyu fundi baiskeli ana mdomo, naomba ieleweke kuwa haya yote niliyashuhudia kwa macho yangu mawili, pamoja na yale yaliyotokea kabla sijazaliwa, maana marehemu alinisimulia mara nyingi na vizuri kiasi kwamba nami nahesabu nilikuwepo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Karai na mimi nilimwita mama mkubwa, alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Novemba 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake seremala, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili, mvua ikinyesha na jua likiwaka kwa wakati mmoja, na mkunga alipomnyanyua hakulia, alipiga chafya, wote chumbani wakasema afya kwa pamoja, na sijui ni nani kati yenu aliyepokelewa duniani kwa heshima kama hiyo. Mdogo wake, ambaye ni mama yangu mzazi, aliyekaa pale mbele na ambaye ameanza kunitazama, alizaliwa mwaka 1955, na hao wawili walilala kitanda kimoja kwa miaka kumi na mitano, wakivutana shuka na kusimuliana ndoto kabla hazijakauka.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 akamaliza Novemba 1966, akishika nafasi ya pili darasani, tofauti na msomaji wenu ambaye aliachana na shule darasa la tano kwa makubaliano ya pande zote mbili, na baadaye, kuanzia 1968 hadi 1969, alisomea upishi kwa masista. Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika jiko la hospitali, akapika uji wa wagonjwa mia mbili kila asubuhi hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2011, na wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba hakuwa na haja ya kuonja, aliinamisha uso kwenye mvuke, akafumba macho kama mtu anayekumbuka kitu, kisha akasema bado kidogo, na kweli ilikuwa bado kidogo.

Tarehe 18 Oktoba 1975 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye aliitwa kutengeneza saa ya jikoni hapo hospitalini, akaitengeneza kwa siku kumi na moja, na saa yenyewe haikuwa mbovu, ilikuwa haijatiwa ufunguo tu. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu saba, kabla mzee hajatangulia tarehe 6 Juni 2006, na tangu siku hiyo marehemu aliziacha saa zote za nyumba yake ziseme wakati zinaoutaka, akidai ni mzee anazungumza.

Lakini mtaa huu haukumjua kwa uji, ulimjua kwa Jumanne moja tu ya mwaka, ile inayotangulia Jumatano ya Majivu, siku ambayo, kwa utaratibu aliorithi kwa mama yake, mafuta, mayai, maziwa na siagi yote iliyomo nyumbani ilipaswa kwisha kabla jua halijazama, ili Kwaresima ikute kabati tupu. Basi kuanzia saa saba mchana alitoa karai lake la bati uani, na watu wakaanza kuja polepole kama wanaotembea usingizini, huyu na yai moja kiganjani, yule na mafuta yaliyoganda chini ya kopo, mwingine na maziwa yasiyojaza kikombe cha chai, wote wakamimina humo humo na hakuna aliyeuliza nani kaleta nini, naye akatia unga, akakoroga kwa mwiko hadi ukaanza kupumua, mapovu yakipanda na kupasuka, na chapati ya maji ilipogusa kikaango mvuke ulipaa juu ya ukuta, ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele za watoto, hata kwa cherehani ya fundi nguo wa kona, na kwa saa tatu nzima mtaa ukawa kama umenyanyuliwa kidogo kutoka ardhini. Nawaapia, kuku walitembea bila kugusa chini.

Utaratibu huo ulikuwa na sharti moja, kwamba chapati ya kwanza mpishi haili wala hamgawii rafiki, anampelekea yule asiyesemezana naye, kwa sababu, kama alivyozoea kusema mama mkubwa, utafungaje chakula huku kinyongo umekiacha ndani kinanenepa. Na yeye alikuwa na mtu wa kumpelekea. Bibi yetu alifariki tarehe 9 Agosti 2012, akaacha mabinti wawili na kikaango kimoja cha chuma, kile kile cha Jumanne, na mama mkubwa, kwa haki ya uzaliwa wa kwanza, alikichukua siku ya kumaliza matanga bila kuuliza, mdogo wake akamwambia mbele ya watu, "Chukua, na kilichomo chukua," wakati hakikuwa na kitu ila masizi, na tangu hapo ndugu waliolala kitanda kimoja wakawa wanapishana barabarani kama watu wanaosubiri mabasi tofauti.

Jumanne ya tarehe 12 Februari 2013 marehemu alikaanga chapati ya kwanza, akaifunika kwa sahani na kitambaa cheupe, akanikabidhi mimi kwa kuwa nina baiskeli, akakaa getini hadi niliporudi. Sahani ilirudi tupu. "Kala?" Kala. "Kasema nini?" Kasema chumvi haitoshi. Basi mama mkubwa alicheka pale getini hadi akashika nguzo, akasema, "Hajabadilika huyo, hajabadilika hata kidogo," na mwaka uliofuata akaongeza chumvi, jibu likarudi lile lile, akaongeza tena, na hivyo hivyo kwa miaka kumi na miwili, hadi mtaa mzima ukawa unaingia Kwaresima na kiu, na baba paroko, yuko hapa hawezi kukataa, aliwahi kusema madhabahuni kwamba anamshukuru Mama Karai, kwani baada ya chapati zake hakuna anayetamani kula siku inayofuata.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Septemba 2024, akalazwa mara mbili, na kufikia mwaka huu pumzi yake ilikuwa ya kukopa hatua kwa hatua, lakini Jumanne ya tarehe 4 Machi 2025 alitaka karai litolewe, akakalishwa kwenye kiti mlangoni huku binti yake muuguzi akikaanga, na chumvi akaitia kwa vidole vyake mwenyewe. Safari hiyo sikupewa sahani, nilitangulia kwa mama nikamwambia dada yako hasimami tena, naye akafunga mlango wake, akaja kwa miguu, nami nikikokota baiskeli nyuma yake. Alipoingia uani watu walimpisha, kila mmoja na yai lake mkononi, moshi ukasimama katikati yao kama pazia jembamba, na mama mkubwa akainua sahani, akasema, "Ya kwako hiyo, inapoa." Mama alimega, akatia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Dada, chumvi yote hii nani kakwambia utie?"

"Wewe! Miaka kumi na miwili chumvi haitoshi, chumvi haitoshi, leo unaniuliza mimi?"

Mama aligeuka taratibu akanitazama, nami wakati huo nilikuwa nashughulikia mnyororo wa baiskeli, kisha akamgeukia dada yake, akasema, "Kweli dada, nilitaka mwenyewe," akala chapati yote hadi ukingo wa mwisho, bila maji, machozi yakimtoka, na hadi leo sijui ni ya chumvi au ya nini. Mama mkubwa akamwambia, "Na kikaango uchukue. Na kilichomo." Usiku huo na kila usiku uliofuata walilala kitanda kimoja wakivutana shuka, hadi Jumatano ya tarehe 19 Machi 2025, saa nne asubuhi, marehemu alipofumba macho kama mtu aliyeinamia mvuke, na safari hii hakusema bado kidogo.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya kifua, wafanyakazi wenzake wa jiko la hospitali, majirani mliotuletea viti, mkaa na maharage yasiyo na mafuta, kwa kuwa tumo ndani ya mfungo na marehemu angekagua sufuria.

Mwisho, katika yote niliyosoma kuna jambo moja nililitunga mwenyewe, nalo si wale kuku. Mama yangu hakuwahi kusema chumvi haitoshi. Mwaka ule wa kwanza hakunifungulia mlango, na chapati zote kumi na mbili nilizila mimi, nimeegemea ukuta wa fundi nguo, kwa sababu mama mkubwa alikuwa anasubiri getini na sikuweza kumrudishia sahani yenye kitu. Mama aliujua uongo wangu pale pale, akaumeza pamoja na chapati, na tangu siku ile hasemi nami ila kwa lazima. Kikaango kiko kwake sasa, na Jumanne ya tarehe 17 Februari mwakani, akikaanga, ya kwanza najua italetwa kwa nani, nami nitaila, hata akitia mfuko mzima wa chumvi.

Pumzika kwa amani, mama mkubwa. Ilikuwa tamu tangu mwaka wa kwanza.