Fundi Saa Aliyegawa Kitoweo

Wewe usinikunjie uso kabla sijafungua mdomo. Ukitaka kubisha, bisha ukishasikia. Mvua iliwafukuza wazee wa kijiwe kutoka kwenye kona yao, wakalibeba benchi lao na birika la kahawa wakaingia ndani kwa Kamusi, mchapaji. Ndimo Shangazi alimowakuta, kanga imelowa, karatasi mkononi. Ilikuwa wasifu wa kaka yake, fundi saa, aliouandika Kamusi, wa kusomwa kaburini alasiri ileile. Kaka huyo alikaa benchi hilo hilo miaka ishirini. Shangazi hakusalimia mtu.

— Kamusi, mwezi uliopita ulimwandikia nani?

— Wengi, Shangazi. Kifo hakina likizo.

— Ulimwandikia mchinjaji. Nilikuwapo akizikwa, na masikio yangu hayajafa. Yeye ulimwita “mkarimu, hakuchoka kuwagawia majirani nyama.” Kaka yangu umemwita “mpaji, hakuchoka kuwagawia jirani zake kitoweo.” Fundi saa! Kitoweo alikitoa wapi, kwenye mshale wa dakika?

Benchi likacheka, kisha likajikohoza.

— Nimebadilisha kila neno, Shangazi. Hiyo ni kazi!

— Na huyu mjane wa hapa chini? Kaka yangu hakuoa hata siku moja. Huyu ni mke wa mchinjaji, jina lake na la baba yake!

— Kanuni ya kazi hiyo. Neno unabadilisha, jina huligusi. Nimebadilisha la marehemu tu, pale juu.

— Kwa hiyo mama wa watu aje kuzika, asikie ameshaolewa na maiti?

Rufaa, aliyekuwa tarishi wa mahakama, akainua kidole.

— Kisheria hana kosa. Asiyekuwapo na lake halipo. Marehemu hayupo. Mlalamikaji nani?

Tarumbeta, mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote benchini, akajimiminia kikombe cha tatu.

— Mimi nasema hata mjane abaki. Huko juu wanasoma jina tu, mengine wanayaruka. Tangu afe mtu wa kwanza wasifu ni huohuo mmoja, tunaugeuza maneno. Penye wengi pana Mungu!

— Penye wengi pana kelele zako. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini najua kaka yangu alikuwa mchoyo. Chumvi aliifungia kabatini! Ila saa yako ikiingia mkononi mwake imekufa, inatoka inatembea. Hilo liko wapi humu?

— “Mchoyo” naweza kuweka “mwangalifu wa mali,” Shangazi...

— Funga mdomo, usije ukaubadilisha nao.

Mlango ukafunguka. Akaingia mchimba kaburi, jembe begani, matope mpaka magotini.

— Samahani, wazee. Mwili bado uko hospitali na mimi nataka kuchimba. Marehemu alikuwa mrefu kiasi gani?

Kamusi akamtazama Rufaa. Rufaa akakitazama kikombe. Tarumbeta akanyoosha mkono hewani, akaushusha, akaupandisha tena, mwisho akauficha mfukoni. Fundi saa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Miaka ishirini walimjua akiwa ameketi.

— Wa wastani, akasema Kamusi. Kimo cha kadiri.

Shangazi akaichana karatasi, akavifunika vikombe vyao kwa vipande.

— Twende, mwanangu, ukanipime mimi. Yeye alinifika sikioni. Hawa watakupa maneno matano ya urefu, na shubiri moja hawana. Kaburini leo nitasema mwenyewe.

Akatoka na mchimba kaburi, akaubamiza mlango, nao wakabaki humo na kahawa yao.