Saa Yangu Ilifuata Jua la Kebirigo

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu wa Nyansiongo! Mmeniona mwaka mzima nikiwafundisha watoto wenu hesabu, mkadhani mwalimu huyu ni mtu mpole asiye na neno. Leo mjue mliyemkaribisha.

Nilizaliwa Kebirigo, katika nyumba ya Sabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, mama alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshateka maji. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipata nafasi ya kusoma chuo kikuu Kanada, kanisa likaniwekea mikono. Mama aliniomba jambo moja tu, nishike Sabato.

Ndugu zangu, nilianguka mwezi wangu wa kwanza kule! Kule wana mpira wao, mrefu kama papai. Wanaukumbatia na kugongana wakiwa wamevaa kofia ngumu. Kocha aliniona nikicheza mpira wetu wa kawaida, akaupenda mguu wangu. Kazi yangu ingekuwa kuupiga ule mpira upite kati ya milingoti miwili. Lakini mechi zilikuwa Jumamosi alasiri, kabla jua halijazama na Sabato kwisha. Nilipaswa kukataa palepale, badala yake nikatafuta hila. Saa yangu ya mkononi ilikuwa bado inafuata majira ya nyumbani. Kule ikikaribia adhuhuri, Kebirigo jua linazama na Sabato inakwisha. Nikajiambia, mimi ni mtu wa Kebirigo, basi kwangu imekwisha. Nilikuwa naitazama saa, ikishapita kumi na mbili na nusu ya jioni navaa jezi. Kisha naandika nyumbani kwamba nimeishika Sabato. Dada yangu Kwamboka alizisoma barua hizo kanisani, watu wakasema Amina!

Na msidhani nilifaidi dhambi yangu. Tulifungwa mechi baada ya mechi. Baridi ilipoingia, vidole vya miguu vilikufa ganzi, nikakosa hata mipira ya karibu. Wenzangu wakaacha kukaa nami mezani. Sikuwa na timu wala kanisa.

Ndipo ikaja barua ya Kwamboka. Mama amelala, tumbo linamtesa, hawezi kula. "Mama anasema kila Sabato jua likizama, tunapoifunga kwa maombi, nawe uombe saa hiyohiyo. Anasema Mungu atakusikia wewe, kwa sababu umemshika katika nchi ya wageni."

Saa hiyohiyo! Saa ambayo mimi nafunga kamba za viatu! Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho. Nilikaa katika chumba cha kubadilishia nguo nikajaribu kuomba. Midomo haikufunguka. Ningemwambia Mungu nini? Kocha akaita, nikainuka, nikaenda kucheza kwenye theluji. Tulifungwa tena. Barua nyingine iliponifikia, mama alikuwa ameshazikwa. Sabato ile ilikuwa yake ya mwisho.

Miaka mitatu sikuomba, ndugu zangu. Sikulia hata mara moja. Niliamini mbingu zimefungwa na mimi ndiye niliyezifunga. Nilikula, nilisoma, nilipata shahada, na ndani nilikuwa maiti.

Niliporudi, kanisa la Kebirigo lilitaka niwasimulie jinsi nilivyoshika Sabato ugenini. Nikasimama mbele. Nikatazama upande wa wanawake, nikaona pale mama alipokuwa akikaa, na ukweli ukanitoka wote. Hakuna aliyesema Amina. Baba akainuka. Nikajua anatoka nje, na nilistahili. Lakini alikuja mbele, akapiga magoti kwa shida, akanivuta mkono.

"Omba," akasema.

"Tata, siwezi."

"Najua huwezi. Omba hivyohivyo."

Nikapiga magoti kando yake. Nikasema, "Bwana, mama alinituma kwako, nikachelewa." Sikupata neno lingine. Nikalia kilio cha miaka mitatu, na kanisa likalia nami. Hapo ndipo Bwana aliponifungua!

Ndugu zangu, sitawadanganya tena. Mama hakurudi. Ziko asubuhi naamka na uzito uleule, na sitarajii uniishe kabla ya kaburi. Ila siku hizi naamka nao na naomba nao. Namshukuru Mungu, namshukuru na baba yangu. Na wewe uliyeacha kuomba kwa sababu ya aibu, usingoje upate maneno mazuri. Njoo hapa mbele, umwambie Bwana kwamba umechelewa. Mimi nitapiga magoti kando yako.