Sentensi Niliyomfutia Bibi Theodora

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wazee wetu, shikamooni. Leo tunamkumbuka Bibi Theodora wa Mtinko, mkulima wa alizeti na mwandishi wa hadithi tulizokuwa tukiwasomea hapa. Amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Mhariri wa hadithi zake nilikuwa mimi, Calist. Nalisema mapema kwa sababu nina aibu.

Alianza kuandika magoti yalipomkatalia kulima. Hadithi yake ya kwanza ilisema, "Njaa ilikuwa kali sana." Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo. Nikamwambia, "Bibi, usituambie njaa. Tuonyeshe."

Akacheka. "Mjukuu wangu, kwani wewe njaa hujawahi kuiona?"

Lakini wiki iliyofuata alileta hivi: "Siku ya nne tulikula mlenda bila ugali." Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Mwezi uliopita alileta hadithi ya ndugu wawili, anayesimulia ni dada mkubwa. Ni mwaka wa njaa. Mdogo wake anakuja na beseni kuomba mtama. Mkubwa anatandika kitenge juu ya gunia, analikalia, anasema, "Hata sisi hatuna." Kisha ikafuata sentensi moja ya mwisho. Sentensi moja tu. Nikaifuta. Niliona gunia limetosha, msikilizaji ataelewa mwenyewe.

Tuliirusha Jumapili. Jumatatu asubuhi akanipigia.

"Mjukuu wangu, sentensi yangu umeipeleka wapi?"

"Bibi, gunia limeshasema yote."

"Gunia haliombi msamaha, Calist."

Nilicheka. Sikumuuliza chochote. Siku tisa baadaye akafariki.

Msibani nilimkuta mdogo wake, Bibi Dorika wa Ulemo. Wasikilizaji wapendwa, walikuwa hawajasemezana miaka thelathini. Loyce, binti wa marehemu, alinivuta pembeni. "Mama ndiye aliyemtumia ujumbe mama mdogo afungue redio. Hadithi ile ilikuwa yao wawili."

Bibi Dorika alifungua redio. Alisikiliza pamoja na majirani. Hadithi ilipofika kwenye kitenge na gunia, majirani wakaangua kicheko.

"Mimi nilisubiri mpaka mwisho," aliniambia. "Nikasubiri hata tangazo la sabuni. Hakuna neno. Nikasema, kumbe hata uzeeni bado ananicheka, tena redioni."

Daftari la Bibi Theodora, lenye sentensi ile, lilikuwa ndani ya begi langu. Sikulitoa. Nilikula chakula cha msiba, nikapanda basi, nikarudi mjini.

Bado naamini ule mlenda bila ugali. Njaa ionyeshwe. Lakini neno ambalo mtu amelibeba miaka thelathini, likifika mdomoni, liachwe litamkwe. Mimi nililifuta kwa kalamu nyekundu, nikajiona fundi.

Loyce, na ndugu wote wa Mtinko na Ulemo, poleni sana. Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unamwachia aelewe mwenyewe, mtafute leo umwambie.

Bibi Dorika, shikamoo. Loyce ameniahidi kwamba atakaa hapo nawe. Mwombe aongeze sauti. Hii ndiyo sentensi niliyoifuta, kama dada yako alivyoiandika:

"Mtama ulikuwepo, mdogo wangu, nilikunyima, nilikosea, naomba unisamehe."